Mke wa Mlangoni

Vijana walipofika kuchoma nyumba ya Jerop kule Kimumu, Mzee Kipyego alikuwa akipigana na soksi. Tangu nyonga yake ivunjike, mguu wake wa kushoto ulikuwa umehama. Bado ulikuwa umeshikana naye, lakini kwa kuufikia ungedhani uko Kitale. Kwa hiyo kila asubuhi Warigia alipiga magoti mbele ya kiti chake akamvalisha, na kila asubuhi walitukanana.

"Nyosha vidole, Mzee. Umevikunja kama kuku amelala."

"Ni wewe unafinya. Hiyo mikono ni ya kufunga magunia ya viazi."

"Na huu mguu ni gunia. Nyosha!"

Ndipo mawe yakaanza kuanguka kwenye mabati.

Ilikuwa Januari ya mwaka elfu mbili na nane. Matokeo ya urais yalikuwa yametangazwa, na Eldoret ilikuwa na moshi wa kutosha kufukuza nyuki wa Kenya nzima. Jerop, mwenye nyumba, alikuwa amesimama mlangoni ameshika mwiko wa kukorogea uji. Alikuwa ameosha wagonjwa katika hospitali moja mpaka mgongo ukakataa, kisha akageuza nyumba yake ya mbao kuwa makao ya wazee ambao familia zao zimeshindwa, au zimechoka, au zimejifanya zimeshindwa. Walikuwa saba. Sita hawakuwa na neno siku hiyo. Wa saba alikuwa Warigia, mjane Mkikuyu aliyeuza viazi sokoni hadi presha ilipomwangusha kando ya mizani yake.

"Hapa ni wagonjwa tu, watoto wangu," Jerop alisema.

"Tumeambiwa kuna mmoja si wetu," akajibu kiongozi wao, kijana mrefu aitwaye Kipkirui. Alikuwa na upinde begani na jerikeni mkononi. Akamsukuma Jerop kando, akaingia.

Alichokiona ndani kilimsimamisha. Mzee wa Kikalenjin kwenye kiti, na mwanamke amepiga magoti ameshika mguu wake. Kwa malezi ya Kipkirui, miguu ya mzee haishikwi na mwanamke yeyote tu. Mkwe hawezi, jirani hawezi.

Kipyego akatumia nafasi hiyo. Watu wa Moiben, alikotoka, huapa kwamba zamani aliwahi kumwita ng'ombe wake jioni moja, na lori la maziwa likasimama barabarani, dereva akashuka kuuliza kosa lake. Uzee ulikuwa umekula magoti na meno, lakini sauti ilikuwa bado imebaki nzima.

"Wewe!" akanguruma kwa Kikalenjin. "Wa boma gani?"

Kipkirui akataja baba yake, kwa sauti ndogo.

"Huyo tulitahiriwa naye msimu mmoja. Tulilala jandoni ngozi kwa ngozi. Kwa hiyo mimi ni nani yako?"

"Ni baba."

"Na huyu ni mke wangu. Kwa hiyo ni nani yako?"

Kijana akaangalia jerikeni yake. Nyuma yake wenzake walikuwa wameacha kurusha mawe, kila mmoja ananyoosha shingo.

"Nimeuliza. Ni nani yako?"

"Ni mama."

"Basi msalimie mama yako, halafu ummwagie hiyo petroli."

Kipkirui akaweka jerikeni chini. Akainamisha kichwa, kama watoto wanavyoinamisha mbele ya wakubwa, na Warigia, ambaye hakuelewa hata neno moja la Kikalenjin lakini alielewa kichwa kilichoinama, akanyoosha mkono akakigusa. Wakaondoka. Nyumba ya tatu kutoka pale iliungua hadi msingi. Hiyo haikuwa na mzee ndani.

Warigia alikaa sakafuni muda mrefu. Mwishowe akauliza, "Umewaambia mimi ni nani?"

"Mke wangu."

"Mungu wangu. Afadhali wangenichoma."

Wakacheka mpaka Jerop akaja kuona kama ni kilio.

*

Miaka ikapita, na uongo ule ukazeeka pamoja nao. Kipyego na Warigia walilala vyumba vilivyopakana, kati yao ukuta wa mbao, na kila asubuhi Warigia aligonga ukuta kujua kama mwenzake ameamka salama, na mwenzake aligonga kujibu. Mchana walikaa kibarazani wakichambua maharagwe na kusengenya wapita njia. Kipyego alimwita Warigia jina lake tupu, bila heshima yoyote. Yeye alimwita Mzee, lakini kwa namna ya kumwambia kuwa ni mzee kweli. Wengine wote nyumbani waliwaita bwana na bibi kwa utani, na hakuna aliyekataa.

Hakuna aliyejua kwamba kule Moiben utani huo ulikuwa umeota mizizi.

Kipyego alikuwa na shamba zuri la mahindi huko, na mwanawe mkubwa, Collins, ndiye aliyelilima. Collins alikuwa mtu wa kanisa, mtu wa tai siku ya Jumapili, na kitu alichoogopa kuliko ukame ni watu kujua kwamba baba yake analelewa na mtu baki. Wakimuuliza mzee yuko wapi, alisema yuko kwa daktari. Alikuwa kwa daktari tangu alipotoka hospitali ya misheni ya Plateau na magongo yake. Kwa kipindi hicho chote hata daktari mwenyewe angekuwa ameshapona au ameshakufa.

Mwaka elfu mbili na kumi na mbili, Collins akaitisha wazee wa kijiji wakae waligawe shamba, kila mtu apate taito, yaani hati yake ya shamba, mapema. Walikaa kwenye nyasi, maziwa ya mursik yakazunguka, kila kitu kikaenda vizuri mpaka mzee mmoja alipouliza swali ambalo huulizwa kila mara, kwa sababu kwao shamba hugawanywa kwa nyumba za wake, si kwa vichwa vya watoto.

"Kipyego ana nyumba ngapi?"

"Moja," Collins akasema. "Mama yetu tu, na alishafariki."

"Ni mbili," sauti ikasema nyuma.

Alikuwa Kipkirui. Sasa alikuwa na kitambi na mashine ya kusaga posho pale kijijini.

"Nyumba ya pili iko Kimumu," akaendelea. "Mzee alituambia kwa mdomo wake. Niliinamisha kichwa, yule mama akanigusa. Mimi siwezi kumnyima mama haki yake."

Collins akahesabu haraka. Nyumba mbili ni nusu kwa nusu. Na nyumba ya pili, kama ilikuwa na mtoto, hata aliyekuja na mama yake, basi mtoto huyo ndiye wa kurithi nusu. Akakumbuka kwamba yule mwanamke ana mwana, anaitwa Macharia, na maziwa yakamgandia kooni.

*

"Nimekuja kuchukua mzee," Collins alimwambia Jerop siku iliyofuata, kabla hata ya kukaa.

"Karibu chai kwanza."

"Sitaki chai. Aende nyumbani akae na watu wake."

"Nani amesema nataka kuchukuliwa?" Kipyego akauliza kutoka kibarazani. "Mimi ni debe la mahindi?"

Collins akatoka nje, akachuchumaa mbele yake. Warigia alikuwa pale pale na ungo wa maharagwe. Collins alimwangalia kama mtu anavyoangalia jiwe lililo njiani.

"Baba, sema tu si mke wako. Neno moja, mbele ya wazee. Ukisema hivyo, utakaa hapa hata miaka mia, sitakusumbua."

"Nisipolisema?"

"Nikupeleke nyumbani. Na hii nyumba ifungwe. Mama Jerop hana leseni ya kuweka watu, nimeuliza."

Ungo ukanyamaza mikononi mwa Warigia.

"Unataka niende niwaambie wale vijana kwamba niliwadanganya," Kipyego akasema pole pole.

"Ndiyo, baba. Si ni kweli?"

"Na baba zao, rika langu, wasikie."

"Ndiyo."

"Basi kesho ukiniletea mtoto wako nimbariki, utajuaje kama ninabariki au ninadanganya?"

Collins akasimama akapangusa magoti. Miaka yote ile hakuwahi kumleta mtoto yeyote.

*

Afisa wa manispaa alifika baada ya siku chache, mtu mwembamba mwenye viatu vilivyong'aa kuliko uso wake. Alikuwa ameletewa malalamiko, akasema, na hakutaka kutaja na nani.

"Hii ni nini? Lojing'i?"

"Hapana, baba. Ni nyumba ya wazee."

"Hakuna kitu kama hicho kwetu. Kuna lojing'i, kuna zahanati, kuna shule. Chagua."

"Sasa nichague aje?"

"Kama ni lojing'i, niambie bei ya kulala na uniandikie wageni. Kama ni zahanati, nionyeshe daktari."

"Na kama ni shule?"

Afisa akatazama kibarazani. Wazee saba walimtazama, mmoja akiwa anasinzia mdomo wazi.

"Kama ni shule," akasema, "wanafunzi wamechelewa."

Alicheka peke yake. Kisha akasema Jerop ana mwezi mmoja, akaondoka akichukua parachichi mbili kutoka kwenye mti bila kuomba.

Jioni hiyo Jerop alikaa jikoni akalia akiwa amefunika uso na aproni, na Warigia akamkuta.

"Ni mimi," Warigia akasema. "Mimi ndiyo shida."

"Usiseme hivyo, mama."

"Nikiondoka?"

"Utaenda wapi?"

Hilo swali liliachwa hapo kwenye jiko, likaungua na ugali.

Kwa kweli mahali pa kwenda palijileta penyewe. Jumapili iliyofuata Macharia akatokea na mkate na sukari. Duka lake la viatu lilichomwa wakati ule wa fujo, akalala kwenye hema uwanja wa maonyesho, kisha akahamia upande wa Nakuru, ambako alikuwa anauza soksi na mikanda kwenye kigari. Alikuwa amekonda, na uchungu wake ulikuwa wa haki.

"Maitu, mama yangu, nimesikia habari nzuri."

"Umesikia wapi?"

"Watu wanaongea. Wanasema mzee alikuoa, na wazee wao wamekubali. Mashahidi ni wao wenyewe, maitu! Sisi hatujasema kitu."

"Ulikuja mwisho lini, Macharia?"

"Unajua biashara."

"Na leo biashara imefungwa?"

Sauti ya Macharia ikapasuka. "Waliniwashia moto wakaenda nyumbani kulala. Hakuna mtu alinilipa hata sanduku la viatu. Leo mdomo wao wenyewe unasema nina haki ya kipande cha ardhi, na wewe unaniuliza nilikuja lini? Sema ndiyo tu, maitu. Hata si uongo wako. Ni uongo wao."

Warigia akamtazama mtoto wake, aliyemzaa na kumbeba mgongoni kando ya magunia ya viazi, na kwa mara ya kwanza akaogopa kitu ambacho kingetoka kinywani mwake mwenyewe.

*

Aliyeleta matumaini alikuwa Shitanda. Alikuwa mwalimu aliyestaafu kutoka Lugari, sasa katibu wa chama kidogo cha watu wenye nyumba za wazee kama ya Jerop. Alizunguka kwa pikipiki iliyokohoa, na mfuko wa plastiki uliojaa karatasi, akitetea nyumba moja baada ya nyingine. Alipenda neno haki kiasi kwamba akiomba chumvi alisema ni haki yake.

"Mama Jerop, hii kesi tunaishinda," akatangaza. "Kosa lao ni moja. Wanajadili wazee kama ng'ombe. Mkazi ana haki ya kusema anataka kukaa wapi na nani."

"Mwalimu, wale si watu wa kuambiwa haki."

"Ndiyo maana tunaenda kwa chifu. Pale wataambiwa mbele ya watu."

Akawafundisha wazee wote jinsi ya kusimama na kusema, "Mimi ni mkazi, na nimechagua kukaa hapa." Walirudia kama watoto wa chekechea. Kipyego alikataa kurudia.

"Mimi sijachagua kukaa hapa," akasema. "Nilivunjika nyonga. Lakini siendi."

*

Siku ya baraza, uwanja wa ofisi ya chifu ulijaa. Wazee wa rika la Kipyego walikuja kutoka Moiben na blanketi zao, na watu wengi wasiohusika walikuja kwa sababu hakuna sinema Kimumu. Kipyego alikalishwa kwenye kiti cha plastiki mbele. Warigia alikaa nyuma na Jerop, na Macharia kando yake na shati lililopigwa pasi.

Chifu akaanza na shahidi.

"Kipkirui, Januari ile ulikuwa wapi?"

"Kimumu."

"Ukifanya nini?"

"Nilikuwa napita."

"Na upinde?"

"Ulikuwa wa kuwinda."

"Kuwinda nini Kimumu? Matatu?"

Watu wakacheka.

"Na jerikeni?"

"Nilitumwa maziwa."

Wakacheka tena kwa nguvu, kisha wakaacha wote kwa pamoja, kwa sababu wengi wao walikumbuka jerikeni zao. Chifu akakohoa.

"Hatuko hapa kwa hayo. Mzee alikuambia nini?"

"Aliniambia yule ni mke wake, kwa hiyo ni mama yangu. Nikainamisha kichwa. Mimi nimekuja kusema hivyo tu. Sijatumwa na mtu."

Na hakuwa ametumwa. Kitu hicho Collins hakuweza kukielewa. Kati ya yote aliyofanya Kipkirui mwezi ule, kuinamisha kichwa ndicho kitu kimoja ambacho angeweza kuwasimulia watoto wake, na alikuwa amekishika kwa mikono miwili.

"Mzee Kipyego," chifu akasema, "umesikia. Yule mama ni mke wako ama si mke?"

Kipyego akainua kichwa. "Nilishasema."

"Sema tena."

"Kitu nilichosema mara moja mbele ya wanaume sirudii. Mimi si redio."

Wazee wenzake wakaguna kwa kukubali. Collins akaruka. "Chifu, baba yangu amezeeka! Anatumiwa! Wanamkalia huko, wanamlisha maneno, wanataka shamba! Leo hii tutamchukua, na hiyo nyumba ifungwe!"

"Shamba ni haki!" Macharia akapiga kelele kutoka nyuma. "Mlituchomea!"

Watu wakasimama. Maneno ya zamani, yale ambayo mji mzima ulikuwa umeyafagia chini ya mkeka, yakaanza kutoka kwenye midomo moja moja. Chifu akapiga meza. Na hapo ndipo Shitanda aliposimama na karatasi zake, akanyoosha mkono kama mwanafunzi anayejua jibu.

"Chifu, kuna mtu mmoja hatujamuuliza."

"Nani?"

"Mama mwenyewe. Tumekaa hapa tangu asubuhi tukibishana kama yeye ni mke au si mke, na hakuna aliyemuuliza. Ni mkazi. Ana haki ya kusema."

Uwanja ukatulia. Ilikuwa kweli, na watu walishangaa kwamba ilikuwa kweli. Warigia akasimama akishikilia bega la Jerop.

Alimwona Macharia akitikisa kichwa, ndiyo, ndiyo. Alimwona Collins amekunja ngumi. Aliwaona wale wazee wengine watano wa Jerop wamepangwa kwenye benchi, wasiojua watalala wapi mwezi ukiisha. Alijua kwamba akisema ndiyo, Kipyego atabebwa kwenda Moiben akae chumba cha nyuma, kati ya watu ambao hawajui hata anakunywa chai na chumvi. Na alijua jambo moja zaidi, dogo lakini lake: kwamba alikuwa amechoka kuwa kitu ambacho wanaume hukitaja wakati wanataka kukichoma na wakati wanataka kukirithi.

"Mimi niliolewa mara moja," akasema. "Na baba yake huyu Macharia. Akafa, nikamzika. Sijaolewa tena."

"Maitu!" Macharia akasema.

"Huyu mzee si bwana yangu. Siku ile alidanganya. Alidanganya vizuri, na ndiyo sababu niko hai. Lakini alidanganya. Mimi sitaki shamba la mtu. Nataka kukaa pale nilipo. Ni hayo."

Akaketi. Pengine mambo yangeishia hapo. Lakini mmoja wa wale wazee wa Moiben, mtu aliyelala na Kipyego jandoni, akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika mbavu.

"Kipyego! Kumbe ulichezea vijana wetu! Tena kwa jina la rika letu!"

Wengine wakadakia. "Hata mke ni wa kuazima!" "Na baraka zake je? Nazo ni za kuazima?" Kicheko kikapita kutoka kwa wazee kikaingia kwa vijana, kikafika hadi kwa wale waliosimama nje ya ua, ambao hawakuwa wamesikia chochote. Kipyego alikaa katikati yake kwenye kiti cha plastiki. Ile sauti iliyosimamisha lori la maziwa ilikuwa imeenda mahali.

Kipkirui peke yake hakucheka. Alitembea mpaka mbele ya mzee, akasimama.

"Niliinamisha kichwa," akasema.

Akatema mate kando ya kiti, akatoka, na hakugeuka.

*

Kila mtu alipata alichotaka. Shamba likagawanywa kama la nyumba moja. Collins, kwa furaha, akatamka mbele ya chifu kwamba baba anaweza kukaa popote apendapo, na malalamiko yake kuhusu leseni yakapotea kama yalivyokuja. Hakuja tena Kimumu kuona kama baba anapenda. Macharia aliondoka bila kuaga, ingawa alikumbuka kumwomba Jerop nauli ya kurudi Nakuru. Shitanda alipiga pikipiki teke akiimba. Wakazi wote wamebaki, hata mmoja hajahamishwa, na mkazi mwenyewe amesikizwa mbele ya serikali. Hakuwahi kushinda namna hiyo.

Jerop ndiye aliyeona kwamba ukuta wa mbao haugongwi tena upande wa Kipyego.

Siku ya kwanza Warigia aligonga, akangoja. Akagonga tena. Siku ya pili hivyo hivyo. Kibarazani Kipyego alihamisha kiti chake mwisho kabisa, mahali penye upepo, akaangalia barabara. Warigia akavumilia mpaka akashindwa, akaenda na ungo wake akasimama mbele yake.

"Mzee, ningefanya nini?"

"Ungenyamaza."

"Ningenyamaza wangekuchukua."

"Wangenichukua nikiwa mtu."

"Na mimi je? Mimi ningekuwa nani?"

Swali hilo lilikuwa la haki, na kwa sababu lilikuwa la haki Kipyego alimkasirikia zaidi. Alitazama juu ya bega lake mpaka Warigia akaondoka.

Uchaguzi mwingine ukaja, Machi ya mwaka uliofuata. Warigia hakula kwa siku kadhaa. Lakini mwaka huo wakubwa walikuwa wamekubaliana wenyewe kwa wenyewe, watu wa huyu na watu wa yule, Wakikuyu na Wakalenjin, wakawa kitu kimoja, wakavaa rangi moja na kucheza kwenye lori moja pale mjini. Hakuna aliyerusha hata jiwe Kimumu. Ikaonekana kwamba wakati wote ule ilikuwa inawezekana.

*

Baadaye serikali mpya ya kaunti iliandaa semina katika hoteli moja mjini Eldoret, kuhusu nyumba za wazee. Shitanda alialikwa kuzungumza, na akamleta Warigia kama mfano. Jerop alimvalisha gauni la kitenge na kilemba kipya, akamwambia asiogope.

Ukumbi ulikuwa na viti vilivyofungwa riboni na maji ya chupa. Shitanda alieleza kisa chote, vizuri sana, akainua mkono wa Warigia juu kama wa bondia.

"Huyu mama alisimama akasema neno lake! Na leo yeye na yule mzee wanaishi kwa amani chini ya paa moja, kila mmoja kwa hiari yake!"

Watu wakapiga makofi. Dada mmoja wa kaunti, mwenye kucha nyekundu, akamletea kipaza sauti.

"Mama, tuambie kwa maneno yako. Mnaishi aje sasa na Mzee?"

Warigia akakishika kile chuma kwa mikono miwili. Alifikiri.

"Tunaishi," akasema. "Yeye upande wake, mimi upande wangu. Zamani alikuwa ananitukana. Sasa ananiheshimu."

Wakapiga makofi tena, kwa nguvu zaidi, na yule dada akafuta machozi. Kisha wakaenda kula.

Warigia hakula sana. Alichagua paja la kuku, lile kubwa, akalifunga kwenye tishu mbili na kulitia kwenye mkoba. Alipofika Kimumu jua lilikuwa bado liko juu. Alikwenda moja kwa moja mpaka mwisho wa kibaraza, akalifungua, akaliweka kwenye sahani juu ya mapaja ya Kipyego, akakaa kwenye ngazi, karibu.

Mzee alilitazama lile paja. Akala. Alikula taratibu kwa yale meno yaliyobaki, akasafisha mfupa mpaka ukawa mweupe, akauweka katikati ya sahani, akapangusa vidole kimoja kimoja. Kisha akamrudishia sahani kwa mikono miwili, kama mtu aliyelelewa vizuri anavyomrudishia sahani mwenye hoteli asiyemjua.

"Asante, Mama," akasema.